Utingo na Moshi Mweupe

Masika ile niliyoitwa mwizi wa dizeli, neno la kuniokoa au kunimaliza lilikuwa kinywani mwa mtu niliyemwogopa kuliko tajiri mwenyewe. Alikuwa utingo wa gari nililoendesha. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi, umri ambao wenzake walikuwa wazee wa kanisa, na bado alipanda nyuma ya pikapu, alishusha magunia, aliweka jiwe chini ya tairi gari likisimama mlimani. Watu wote walimwita Utingo, kuanzia watoto wa shule hadi padri, naye aliitika vizuri tu. Mimi peke yangu nilimwita mzee, na nadhani hakupenda.

Pikapu ilikuwa ya dizeli, imechoka, mali ya tajiri mmoja wa Ifakara mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilitoka kwenye kambi za wakata miwa, kwa hiyo pale mjini sikuwa na mjomba wala shangazi wa kunisemea. Nilichokuwa nacho ni jina tu: dereva asiyegusa mafuta ya watu. Kwa dereva hilo ndilo cheti. Ukishaitwa mnyonya dizeli, yaani mtu anayeingiza mpira kwenye tangi la bosi wake na kuyavuta mafuta akayauze, basi hakuna atakayekupa ufunguo tena, kuanzia Ifakara mpaka Mang'ula na mbele yake.

Utingo hakukaa mbele hata siku moja. Mvua inyeshe, jua liwake, kiti cha mbele kiwe kitupu, yeye alikuwa nyuma.

"Wewe unaona unakokwenda," aliniambia. "Mimi naona gari linaacha nini."

Alichokuwa anakiangalia ni moshi. Sigara hakuvuta. Ukimkaribisha alikataa, akisema moshi wa bure aliovuta nyuma ya magari ya watu unamtosha mpaka kaburini. Alikuwa na lugha yake ya kugonga paa la kebini. Kiganja kilichokunjuliwa maana yake moshi mweusi: injini inapewa dizeli nyingi kuliko hewa, punguza mguu. Konzi maana yake moshi wa bluu: oili inaungua, simama. Moshi mweupe hakuugongea kabisa. Alisubiri gari lisimame lenyewe, akashuka, akaja dirishani na kuniangalia usoni muda mrefu kabla hajasema kitu. Nilichukia sana kuangaliwa vile. Nilijiona kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na sikuwa na kosa lolote.

Siku moja tulikuwa tunatoka Idete na mzigo wa mpunga, kiganja kikaanza kupiga juu ya kichwa changu. Nikatazama kioo cha pembeni, nyuma kumekuwa kweusi. Gari halivuti, mlima mdogo tu linalia. Nikasimama nikasema pampu imekufa. Utingo alishuka. Akafungua nyumba ya filta ya hewa.

"Gari unalilaza wapi siku hizi?"

"Pale pale uani, mzee."

"Uani upande gani?"

"Kule kwenye kivuli, karibu na bomba la mashine."

"Bomba linalotoa pumba."

Akaitoa filta, akanitilia mikononi. Ilikuwa imeganda vumbi la pumba, huwezi kuona karatasi yake. "Umeiziba pua, halafu unalaumu tumbo," akasema. Akaikung'uta kwenye tairi mpaka ikatoa sura, akairudisha, na moshi ukakatika. Mwezi mzima baada ya hapo kila tukipita kwenye lundo la pumba alipiga kelele kutoka nyuma: "Dereva! Uji wa pampu yako huo!" Abiria wakicheka, alirudia.

Lakini asije mtu akadhani hakukosea. Pale mashineni walinisimulia habari ya lori la zamani la tajiri, lile ambalo filta yake ya hewa ilikuwa na bakuli la oili chini yake la kunasia vumbi. Msimu wa kukoboa, vumbi likiwa jingi, dereva wa wakati huo aliona ajaze oili mpaka juu ili inase zaidi. Injini ikawa inaivuta ile oili na kuichoma. Moshi wa bluu ukafunika barabara. Utingo akala kiapo kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Injini ikashushwa, ikafunguliwa yote, ringi zikakutwa nzima. Walipomuuliza alisema ni vizuri, injini nayo imepata kupunga upepo. Habari hiyo walinisimulia kwa sauti ya chini, wakichungulia kama hayupo karibu. Hakuna aliyewahi kumsikia akirudisha neno lake, na mimi nililiweka hilo akilini.

Jambo jingine ni kwamba alikuwa anapeleka maneno. Dereva aliyekuwepo kabla yangu alikuwa akiokota abiria njiani na tajiri hajui. Utingo alimwambia tajiri hadharani, dereva mwenyewe akiwa amesimama pale pale na ufunguo mkononi. Hakuona haya. "Gari si lako wala si langu," alimwambia. Yule dereva akafukuzwa. Siku aliyohama, Utingo ndiye aliyembebea godoro kichwani mpaka stesheni, hakuombwa na mtu, na wakaenda wakiongea habari za mvua. Niliposikia hivyo sikujua nimweke fungu gani. Mtu mbaya ningemjua, mtu mwema ningemjua. Huyu alinichanganya.

Na kulikuwa na hili la kulaza gari. Ukimletea gari linalosumbua kuwaka, nalo limekuja linanguruma, hakuligusa. Aliweka mgongo wa mkono kwenye boneti, kama mama anavyompima mtoto homa, akatikisa kichwa. "Gari la moto linasema uongo. Lilaze. Asubuhi litasema lenyewe." Walimjia hata madereva wa magari mengine, wakaacha magari yao uani na kurudi nyumbani kwa miguu. Alfajiri alisimama nyuma ya bomba la moshi, akaagiza selfu ya kuwashia ipigwe, na moshi wa kwanza wa injini baridi ndio aliousoma.

Moshi mweupe aliusoma kwa macho, na sisemi kuutazama. Aliingia ndani yake na kuyafumbua. Alituambia kwamba mweupe uko wa namna mbili. Kuna ule ambao ni mvuke wa maji: gasketi ya injini imeungua, maji ya rejeta yanapenya ndani. Huo hauumi, unakulowesha uso na kupotea. Na kuna ule ambao ni dizeli iliyoshindwa kuungua. Huo unawasha macho mpaka yanatiririka machozi. Kwa hiyo ukimwona Utingo analia nyuma ya gari lako, ubaya uko kwenye mafuta au kwenye njia yake. Akitoka na macho makavu, katafute gasketi.

Sasa nirudi kwenye masika yangu. Mpunga ulikuwa bado shambani, mashine imelala, dizeli ya kwenye pipa la tajiri ilikuwa inatumiwa na pikapu peke yake. Gari likaanza ugumu wa kuwaka. Jioni nililizima likiwa zima, asubuhi linakataa. Nikawa nafika mapema kuliko mtu yeyote, nalegeza nati ya filta ya dizeli, napampu kwa mkono kutoa upepo, nakaza, napiga selfu. Moshi mweupe unajaa ua mzima, injini inakohoa, inashika kidogo, inakufa. Narudia tena mpaka betri inaanza kulegea. Nilimwambia tajiri kwamba nadhani hita zimechoka, zile plagi za kupasha injini joto kabla haijawaka. Akasema ataangalia.

Jioni moja nikarudisha gari nikamkuta amesimama uani ananisubiri, Utingo yuko pembeni.

"Nimeambiwa unaninyonya," tajiri akasema.

"Bosi?"

"Unaninyonya dizeli yangu pipani, halafu unajazia maji. Nimeambiwa."

"Nani amesema hivyo, bosi?"

"Usiniulize nani. Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli."

"Basi niambie gari haliwaki kwa nini."

Nilimtazama Utingo, maana yeye anakaa nyuma, anaona kila kitu, aseme basi kama amewahi kuniona na mpira. Alikuwa anatazama boneti.

"Liache lilale, tajiri," akasema. "Asubuhi litasema."

"Sawa. Ikiwa ni gasketi, huo ni uzee wa gari, sina neno na wewe dereva. Ikiwa ni mafuta, utakwenda kuyaelezea polisi." Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Aliniuliza swali moja tu, kama nimenyonya. Nikamwambia hapana. Akasema ananiamini, lakini aliuliza, na lile swali liliniuma kuliko maneno ya tajiri. Mvua ilinyesha mpaka karibu na asubuhi, nami niliisikia yote.

Kulipopambazuka tulikuwa watatu uani. Tajiri aliingia kwenye kiti changu mwenyewe, apige selfu kwa mkono wake, asidanganywe. Utingo akasimama nyuma ya bomba. Mimi nilisimama pale ambapo ningeuona uso wake. Nilikuwa naomba gasketi. Sijawahi kabla wala baada ya hapo kumwomba Mungu injini ya mtu iwe imeungua, lakini asubuhi ile niliomba kwa moyo wote.

"Piga!" Utingo akasema.

Selfu ikalia. Moshi ukatoka mweupe, mzito, ukamfunika mpaka kifuani, kisha kichwa. Injini ikakohoa na kufa. "Piga tena!" Ikakohoa, ikafa. Moshi ukaanza kupungua na uso wake ukatokea. Alikuwa amefumbua macho, na machozi yalikuwa yanashuka mashavuni mpaka kwenye kidevu.

Tajiri alishuka garini, akamtazama, akanitazama mimi.

"Mafuta," Utingo akasema, akijifuta kwa mkono wa shati.

Akaenda kwenye filta ya dizeli, akaweka glasi chini yake, akafungua kizibo. Yakatoka maji. Yalikaa chini ndani ya glasi, meupe, dizeli kidogo ikaelea juu. Tajiri aliinyanyua ile glasi mbele ya uso wangu.

"Hii ni nini?"

"Bosi, naapa kwa Mungu sijui."

"Hujui! Dizeli inazaa maji?"

Nilimwambia Utingo, "Mzee, sema basi. Umewahi kuniona?" Alichukua mpira na dumu, akasema anakwenda kuchota pipani, tajiri aone kwamba maji yanatoka huko huko na si kwenye gari. Nilijua hiyo ndiyo kamba ya mwisho. Maji yakikutwa pipani, na mwenye kuchota pipani ni mimi peke yangu, basi hata mimi ningekuwa tajiri ningejifunga.

Pipa lilikuwa nje, nyuma ya ghala. Zamani lilikaa ndani pamoja na mchele, lakini wateja walilalamika kwamba wali unanuka dizeli, na mchele unaonuka dizeli hakuna anayeununua. Tajiri akaamuru litolewe. Lilikuwa limesimamishwa wima, na juu, ndani ya ukingo wake, mvua ya usiku ilikuwa imetuama ikafunika kizibo.

Utingo alikawia. Jua lilikuwa limeshatoka, linapiga ubavuni mwa pipa. Tulimwona ameinama, mpira mkononi, hachoti. Tajiri akamwita. Akamwita tena.

"Njoo uone, tajiri," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tukaenda. Kwenye yale maji yaliyotuama, pembezoni mwa kizibo, vilikuwa vinatoka vipovu. Kimoja, kinapasuka, kingine.

"Pipa linapumua," Utingo akasema. "Limepata jua, hewa ya ndani inatoka." Akaniamuru nilete maji ya kisimani, ndoo nzima, na konzi ya pumba. Akaitawanya pumba juu ya maji yaliyotuama. Kisha akamwagia ndoo yote ubavuni mwa pipa kulipoza. Vipovu vikakatika. Ile pumba ikakaa kimya kidogo, halafu ikaanza kujongea, polepole, yote ikielekea kwenye kizibo, ikakizunguka. Na maji yakawa yanashuka.

"Sasa linavuta," akasema. "Mchana linatoa hewa, usiku likipoa linavuta maji ya mvua. Kila usiku, masika yote. Dereva hajatia maji humu."

Tajiri alikodoa macho pale kwenye kizibo. "Nani amelisimamisha pipa hivi?"

Palikuwa na upenyo mzuri wa kunyamaza hapo. Mimi nisingeweza kumjibu, sikuwepo lilipotolewa. Utingo angeweza kusema hajui, au kwamba ni vibarua.

"Wewe uliamuru litoke," akasema, "na mimi ndiye niliyelisimamisha. Ningelilaza kwa ubavu maji yasingetuama. Tumeyatia maji sisi wawili, tajiri."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akimwambia tajiri neno kama lile, tena uani kwake. Tajiri alinirudishia ufunguo bila kunitazama. Mchana ule akamwita Utingo dukani kwake, na Utingo alipotoka hakuwa tena utingo wake. Haikuwa kwa sababu ya maji. Ilikuwa kwa sababu ya ule "sisi wawili". Nilipakia magunia na kijana mwingine siku ile ile, filta na tangi tumeyamwaga maji, gari limewaka kwa selfu moja, na nasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba mimi ndiye niliyebaki. Jioni nilipokwenda kwake kumshukuru nilikuta mlango umefungwa, jirani akasema ameondoka na mzigo wake kuelekea stesheni.

Nikamweka moyoni kama mtu aliyejitoa kwa ajili yangu. Nilimsimulia mke wangu, nilimsimulia kila dereva aliyenipa sikio. Kwa miaka mingi nilimwona hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nashuka kwenda Ifakara na gari la tajiri mwingine, nikasimama Sanje kununua ndizi. Muuzaji aliyenyanyuka kwenye kigoda alikuwa yeye. Amekonda, mvi zimepungua kwa sababu nywele zenyewe zimepungua. Kabla hata hajaniangalia alitazama nyuma ya gari langu.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, dereva. Nozo zako zinavuja dizeli."

Nilicheka mpaka nikamshika mikono yote miwili. Nikaanza kumwaga shukrani zangu zilizokaa miaka yote: kwamba bila yeye ningefungwa, kwamba ufunguo nilionao ni wake. Akanisikiliza akiwa ameinamia ndizi zake.

"Acha hayo," akasema. "Neno lile nililipeleka mimi."

"Neno gani?"

"Kwamba unanyonya. Nilimwambia tajiri mimi."

Nilidhani anatania, kumbe hatanii.

"Kila asubuhi nilikukuta umenitangulia, na mikono yako inanuka dizeli," akasema. "Nikajua unanyonya."

"Nilikuwa natoa upepo, mzee! Gari lisingewaka bila hivyo!"

"Najua sasa. Wakati ule sikukuuliza." Alipanga kichane kimoja juu ya kingine. "Siku ile nilikwenda pipani kuchota dizeli ya kukufungia. Nikaona vile vipovu."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilikumbuka swali la mke wangu. Nilikumbuka nilivyosimama uani namwomba Mungu, na yeye pale pale anajua nani amenileta pale. Nikamwambia, kwa ukali, ili nimuumize, "Ungenyamaza tu basi. Kazi ungekuwa nayo mpaka leo."

"Na wewe ungekuwa mwizi mpaka leo," akasema. "Nililipeleka mimi. Nani mwingine angelirudisha?"

Niliingia garini nikaondoka, ndizi nimeziacha pale kwenye mkeka. Niliendesha bila kuona barabara. Nilimtupia kimoyomoyo kila tusi ninalolijua, kisha nikayarudia. Mang'ula ilipoanza kuonekana mbele matusi yalikuwa yamekwisha, na lililobaki kichwani ni lile swali lake, ambalo jibu lake nilikuwa nalijua. Nikapunguza mwendo, nikageuza gari.

Nilimkuta pale pale. Alikuwa amezifunga zile ndizi kwa kamba ya mgomba na kuziweka pembeni. Alinyanyuka nazo aliponiona.

"Umesahau ndizi," akasema.

"Sikusahau ndizi, mzee," nikamwambia. "Nimesahau kuaga."